Siku Mbili za Maji ya Moto

Bidoni yetu ya manjano, dumu la maji, imepasuka. Si habari ya kumwita jirani. Hapa Vulamba, mtaa wa Butembo, kila nyumba ina bidoni za manjano zilizopangwa mlangoni, na moja ikipasuka inakatwa katikati iwe beseni la bata au kipande cha kuziba paa la choo. Mdogo wangu Muhindo alikuwa ameshashika kisu. Nilimwambia asubiri kidogo. Nikafungua kifuniko, nikaweka pua mdomoni mwa bidoni na kuvuta pumzi ndefu. Muhindo akaniuliza kama natafuta mafuta ya taa.

Nilikuwa natafuta harufu ya yai lililochemshwa kupita kiasi, ile inayotoka karibu na kiini kinapoanza kuwa kijani. Nilijua haimo tena. Bidoni hiyo imebeba maji ya bomba, maji ya mvua, na kwa muda mfupi mafuta ya mawese, kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu. Nilichokuta ni plastiki tu. Lakini nilipoinua kichwa nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimekaa juu ya magunia ya samaki, nimekumbatia bidoni hii hii kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alikwenda upande wa Oicha, kwenye vita, kununua kakao na hakurudi, na huku kwetu mtu akisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Tulibaki wanne: Mama, mimi, Muhindo aliyekuwa na miaka sita, na Kahindo ambaye alizaliwa baada ya mazishi. Mimi ni Masika, jina la binti wa kwanza, na kwetu jina hilo ni kama kazi ambayo umeajiriwa kabla hujajua kutembea. Kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kuwasha mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa. Butembo ni mji wa baridi. Ukungu unashuka hadi kwenye ndoo, na maji yaliyolala nje yanauma meno. Niliweza kuwasha makala mabichi yenye unyevu, kwa maganda ya mahindi na pumzi zangu mwenyewe, na nilijivunia hilo kuliko kusoma.

Mama alikuwa akibeba mboga: kabichi na vitunguu majani, kutoka mashamba ya juu hadi sokoni, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Baada ya Kahindo kuzaliwa, miguu yake ilianza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Muhindo aliona ni mchezo. Siku moja Mama alikwenda hospitali pamoja na mama mdogo Kavira, mdogo wake wa tumbo moja, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitia ndani ya Biblia. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya Biblia, nilidhani ni sala.

Mama mdogo ndiye aliyeleta habari za kijiji cha maji ya moto. Kilikuwa chini kabisa, kando ya ziwa, na watu wenye maumivu ya miguu na migongo walikwenda kuoga huko kwa siku saba. Alikuwa akimfahamu dereva wa lori lililopeleka viazi na kabichi na kurudi na samaki. Muhindo aliachwa kwa bibi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya kumbeba Kahindo.

Tuliteremka milima asubuhi nzima. Kila tulipopinda kona nilivua nguo moja: kwanza kitambaa cha kichwa, kisha sweta, kisha soksi. Kwenye kona moja dereva alipunguza mwendo, akasema ziwa lile pale. Nilitazama bonde na kuona ukungu mweupe umelala chini, mpana, bila mwisho. Kwetu ukungu ukilala bondeni unasubiri jua lipande, kisha unaondoka na kuonyesha mashamba. Nikakaa nikisubiri uondoke. Jua lilipanda hadi utosini na ule ukungu haukuondoka, ukageuka kuwa wa buluu, na juu yake niliona mtumbwi. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikumwambia mtu.

Kijiji kilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa samaki wanaokaushwa kwa moshi. Ya pili ilikuwa yai. Marabu, korongo wakubwa wenye upara, walitembea kati ya nyumba polepole, mikono nyuma, kama mashemasi wanaotafuta nani anasinzia. Tulipangishiwa chumba na mjane aliyetuonya tusitoke jua likishazama, kwa kuwa viboko wanapanda kula majani na hawapishi mtu njia.

Maji yalitoka chini ya miamba, hatua chache kutoka ziwani. Yalichemka katika shimo la juu, ambako wanawake walitumbukiza ndizi na samaki na mayai ndani ya mfuko uliofungwa kamba, na ukirudi baada ya muda chakula kimeiva. Kutoka hapo yalishuka kwenye mfereji wa mawe, yakipoa njiani, mpaka kwenye kidimbwi kilichozungushiwa ua wa matete. Hapo ndipo watu walioga. Asubuhi ilikuwa zamu ya wanawake, alasiri ya wanaume, na mwenye kusimamia yote hayo alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa buti za mpira, aliyeitwa Mama Jeanne.

Sheria zake hazikuwa nyingi lakini alizisema kama anayezigonga misumari. Kwanza unaoga ziwani na sabuni, kwa maji baridi, mpaka uwe safi. Kisha unaacha sabuni na viatu nje ya matete, kwa sababu kidimbwi si mahali pa kuondolea uchafu. Unaingia polepole, mguu, goti, kiuno, wala huruki. Na mgonjwa aliyekuja na mtoto wake husuguliwa mgongo na mtoto huyo, mzaliwa wa kwanza akiwepo. Asiye na mtoto alisuguliwa na Mama Jeanne mwenyewe, na mikono yake, nilivyoona, ilikuwa ya kusugulia sufuria.

Sikuwa nimewahi kuona mgongo wa Mama wote. Kamba ya mizigo ilikuwa imeacha alama kwenye paji la uso, hiyo niliijua. Lakini mabegani na kiunoni kulikuwa na ngozi nyeusi, ngumu, pale magunia yalipolala mwaka baada ya mwaka. Nilisugua hapo kwa nguvu nikidhani ni uchafu ambao ziwa halikuutoa. Mama aliacha nisugue.

Jambo lililonisumbua zaidi ni moto. Tangu siku ya kwanza nilijiuliza nani anakipikia kijiji kizima maji haya. Mama alipokuwa amepumzika juani nilizunguka ule mwamba, nikapapasa kila ufa, nikainama kunusa moshi. Mama Jeanne akanikuta nimelala kifudifudi.

"We mutoto, unatafuta nini nyuma ya majiwe?"

"Natafuta fasi, pahali banaweka makala."

Alicheka mpaka akashika ua wa matete, na ua ukainama naye. Aliwaita wanawake wote waje wasikie. "Banabutembo hawa," alisema, "hata mbinguni batauliza nani analeta makala." Tangu wakati huo jina langu pale lilikuwa Mama Makala. Nilikasirika siku nzima. Lakini Mama alikuwa amecheka pamoja nao, kichwa nyuma, meno yote nje, na sikumbuki kama alikuwa amecheka hivyo tangu Baba aondoke. Nikalisamehe lile jina.

Mama Jeanne alinieleza baadaye, akiwa ndani ya maji mpaka kifuani, kwamba hakuna anayewasha. Maji yenyewe yalikuwa ya moto, huko chini yalikotoka, jana na leo na kesho, bila makala na bila mtu wa kupepea. Nadhani alitaka nipumzike kichwa. Badala yake aliwasha kitu ndani yangu. Ikiwa maji haya yana moto wake yenyewe, niliwaza, basi popote yatakapokwenda yatakwenda na moto wake.

Siku ya kwanza Mama aliweka nyayo tu. Siku ya pili aliingia mpaka magotini akishikwa huku na huku. Siku ya tatu kiunoni. Siku ya nne alilala mchana bila kuinua miguu juu ya gunia, na nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilijaa haraka. Siku ya tano alisimama peke yake. Alimchukua Kahindo kutoka mgongoni mwangu, akatembea kutoka kwenye matete mpaka ukingoni mwa ziwa, akarudi. Ni hatua ishirini labda. Mama mdogo alipiga vigelegele, na wanawake wa mifuko ya ndizi wakamjibu.

Jioni ileile dereva alikuja kusema lori limejaa na anaondoka alfajiri. Safari nyingine ingekuwa baada ya wiki mbili, labda tatu, na habari zilikuwa zimefika kwamba nyumbani Muhindo ameanza kukohoa. Mama na mama mdogo walizungumza kwa Kinande, lugha yetu, kwa sauti ndogo, kisha Mama akaanza kukunja vikwembe, vitenge vyake vya kujifunga. Mimi nilikuwa nahesabu. Mama Jeanne alisema siku saba, na tulikuwa tumeoga tano.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikimbia kwenye mwamba na bidoni tuliyokuja nayo. Mama Jeanne alikuwa tayari anafagia. Nilimwambia nachukua siku mbili zilizobaki. Hakucheka safari hii. Alinichotea mwenyewe kutoka shimo la juu, kwa kata ya mpini mrefu, akafunga kifuniko kwa mkono wake wa nguvu.

"Beba," alisema, na "lakini" yake ilikuwa ya Kifaransa. "Mais hii mayi iko na kiburi. Haipendi kutembea."

Nikamjibu "Wasingya", asante ya kwetu, na nikaizungushia bidoni sweta langu na kikwembe kimoja. Iliniunguza tumbo mpaka nikafurahi.

Tulipanda juu ya magunia. Saa za kwanza bidoni ilikuwa moto kama mkate mpya. Nilimtazama Mama aliyekaa mbele karibu na dereva, kisogo chake kikicheza na mashimo ya barabara, na nikawaza jinsi kesho nitakavyommiminia siku ya sita, na kesho kutwa siku ya saba, na baada ya hapo atabeba kabichi zake. Ilikuwa hesabu safi kabisa.

Kisha lori likakwama kwenye matope, na wanaume wakashuka kusukuma. Baridi ya milima ilikuwa imeshaanza. Nilishika bidoni na nikaona joto limepungua, au nilidhani limepungua. Nilitaka kuwa na hakika tu. Nikafungua kifuniko.

Mvuke ulitoka, mweupe, wenye harufu ya yai, ukapanda mbele ya uso wangu na kupotea kwenye ukungu. Nikafunga haraka. Lakini nilikuwa nimeuona ukiondoka, na nilikumbuka maneno ya Mama Jeanne kuhusu kiburi. Nilifungua mara ya pili kuona kama umebaki mwingine. Hakikutoka kitu. Kutoka hapo mpaka Butembo nilishikilia bidoni ikipoa mikononi mwangu, na sikuthubutu kulia kwa sababu mama mdogo angeuliza.

Tulifika alasiri. Mama aliingizwa kitandani, amechoka na safari. Maji yalikuwa baridi kama ya bomba. Nilikaa nyuma ya nyumba nayo, kisha nikafanya jambo nililojua kufanya. Niliwasha mbabula. Makala yalikuwa na unyevu, nikapuliza mpaka macho yakatoka machozi, nikaweka nusu ya maji kwenye ndoo, nikamimina nusu nyingine kwenye sufuria na kuichemsha, nikairudisha ndani ya bidoni, nikaifunga tena na sweta lake. Nikaipeleka kwa Mama na beseni.

"Haikupoa," nilimwambia.

Nilimwosha miguu, kisha mgongo. Alifumba macho.

"Iko moto," alisema. "Iko moto kama kule."

Siku iliyofuata nilifanya vilevile na nusu iliyobaki. Akasema vilevile.

Mama alikufa kabla ya msimu wa maharage kwisha. Sitaeleza siku hizo. Nitasema tu kwamba wakati watu wazima walipokuwa wakisema ni mapenzi ya Mungu, mimi nilijua vizuri zaidi. Zilihitajika siku saba, zikapatikana tano, na mbili nilizopewa kubeba nilizifungulia kifuniko barabarani. Kisha nikamdanganya kwa maji ya makala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kichwani mwangu, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa kuwa hakuna niliyemwambia.

Niliacha shule mwaka wa tano wa msingi. Mama mdogo alikuwa na watoto wake sita na alitusaidia alivyoweza, lakini kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo mtu hawezi kuyafanya akiwa nyumba ya jirani. Kufika saa moja asubuhi nilikuwa nimeshachemsha maji: ya kuoga Kahindo, ya chai ya Muhindo, ya kuosha vyombo. Baadaye nilianza kuuza chai na mayai ya kuchemsha karibu na gereji, na ndiyo kazi yangu hadi leo. Wateja wangu hunitania kwamba chai yangu inaunguza ulimi. Ni kweli. Sijawahi kumpa mtu maji ya vuguvugu. Muhindo alipokuwa mdogo alilalamika kwamba maji ya kuoga yanamchubua, na nilimwambia anyamaze, aingie polepole, mguu, goti, kiuno.

Wamekua. Muhindo anatengeneza pikipiki. Kahindo amepata diploma yake ya sekondari na anatafuta mahali pa kujifunza uuguzi. Nilipokuwa nikiwaza makosa yangu niliwaza pia hilo, kwamba labda linasawazisha kidogo, lakini halikuwahi kusawazisha.

Sasa narudi kwenye bidoni iliyopasuka. Mama mdogo Kavira alikuwa amekuja kututembelea siku hiyo, amekaa kwenye kigoda anachagua maharage, maana hawezi kukaa nyumbani kwa mtu bila kufanya kazi yake. Ananilalamikia magoti kila anapokuja. Aliniona nimeinama na pua kwenye bidoni, akauliza ni ile ya ziwani? Nikasema ndiyo. Kisha sijui ni nini kilichonifungua mimi mwenyewe. Nilimweleza yote, mbele ya Muhindo na kisu chake na Kahindo mlangoni: siku mbili, matope, kifuniko, sufuria, uongo.

Mama mdogo aliweka ungo chini.

"Mais Masika," alisema. "Tulikuona."

Ukuta wa chumba alicholala Mama ulikuwa wa mbao, na mbao zina nafasi katikati. Moshi wa mbabula ulikuwa umeingia mpaka kitandani. Mama alikuwa ameinuka kidogo kuangalia nani anachoma makala saa ile, akaniona nimepiga magoti, mashavu yamejaa pumzi, bidoni iko wazi pembeni. Alimwita dada yake aje atazame. Walicheka, mama mdogo alisema, wakiziba midomo kwa kikwembe ili nisisikie, na Mama alicheka mpaka machozi yakaanza kutoka, na baada ya hapo hayakuwa tena ya kucheka.

Halafu akaniambia kuhusu ile karatasi ndani ya Biblia. Haikuwa sala. Daktari alikuwa ameandika kwamba moyo umechoka na hapa hapana dawa yake, na Mama aliisoma kabla hatujapanda lori. Alikwenda ziwani akijua. Nilimuuliza basi alikwenda kufanya nini. Mama mdogo alifikiri kidogo. Alisema Mama alitaka siku saba bila kubeba kitu.

Nikakaa chini, pale pale kwenye simiti. Kahindo alikuja akakaa karibu nami, bega kwa bega.

"Na ile siku ya makala," mama mdogo aliendelea, "aliniambia neno. Sikukwambia, nilidhani unajua. Alisema: uyu mutoto anajua kuwasha moto na makala ya maji. Donc, basi, mi hapana ogopa tena."

Alichukua ungo wake na kuendelea kuchagua maharage, ingawa niliona anatupa mazuri pamoja na mabaya.

Aliyezungumza kwanza ni Kahindo. Yeye ziwa aliliona akiwa mgongoni mwangu, yaani hakuliona. Aliuliza kama kwa hesabu ya Mama Jeanne zile siku mbili bado ziko kule. Mama mdogo akasema hajasikia kama mtu mwingine amezichukua. Muhindo akasema anamfahamu dereva anayeteremka kila Alhamisi, njia ikiwa tulivu. Mama mdogo akatangaza kwamba magoti yake hayasafiri kwa siku mbili. Kama ni kwenda, ni saba zote, na mimi ndiye nitakayemsugua mgongo, maana watoto wake wana mikono laini kama ya wahasibu. Tukaanza kuzungumza nani ataangalia mayai yangu, nani nyumba, kabichi ngapi tuwapelekee watu wa kule, kwa sababu hatuwezi kufika mikono mitupu.

Muhindo alikuwa bado na kisu. Aliigeuza bidoni, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema inashonwa hii. Fundi yeyote huku anajua: unapasha kisu moto, unayeyusha kipande cha plastiki kuukuu, unakilaza juu ya ufa na kukisawazisha kabla hakijakauka. Aliomba mbabula. Makala yalikuwa na unyevu, mvua ilikuwa imeyapata. Nilipiga magoti, nikaweka maganda ya mahindi chini, nikajaza mashavu pumzi. Nyuma yangu nilimsikia mama mdogo akicheka, na safari hii hakuziba mdomo.

Kisu kilipokuwa chekundu Muhindo alishona ule ufa kwa mstari mbaya, mnene, kama kovu. Tukasubiri ukauke. Kahindo akaijaza maji mpaka mdomoni, akafunga kifuniko, akaiinua juu ya kichwa chake na kutembea nayo uani, kwenda na kurudi, huku sisi watatu tukitazama chini kama kuna tone.

Haikuvuja.